Haki ya Mwisho wa Kazi si Matabishi



Siku unapoingia kazi, kompani inakuomba mikanda mingi. Inataka kalata yako ya kitambulisho, inataka mukanda wa munganga, inataka diploma kama unayo, inataka picha zako, jina la muke na majina ya watoto. Mukanda mumoja ukikosekana, unarudishwa nyumbani. Lakini siku unapotoka kazi, mikanda yote imekwisha. Pale mulangoni mulinzi anachukua kofia na viatu, anachukua kalata ya kuingilia, na mutu anakwenda zake mikono mitupu. Hata karatasi ya ukubwa wa kiganja hana. Tumezoea jambo hili mpaka tunaliona kama desturi. Mimi nasema si desturi. Ni hasara ya mutumishi, na faida yake inabaki kwa mwingine.

Ninatumika ukarani katika bilo ya mine. Kazi yangu ni majina, siku na hesabu. Ninaona wale wanaoingia, ninaona na wale wanaotoka. Kwa hiyo nataka tusemezane leo juu ya mulango wa kutokea: kazi ya mutu inapokwisha, kitu gani ni chake?

KIPIMO NA MATABISHI

Sisi wote tunajua soko. Mama anayeuza bunga anajaza kipimo chake, kisha anaongeza kiganja kimoja juu. Hiyo ni matabishi. Akikuongezea, unashukuru. Akikatala, huwezi kumushitaki, maana matabishi inatoka katika roho yake nzuri. Lakini kile kipimo chenyewe umekilipia. Akikipunguza, anakuiba, na soko nzima itasikia sauti yako.

Basi wengi wetu tunapotoka kazi tunasimama mbele ya mukubwa kama watu wanaongojea matabishi. Tunatoa kofia, tunasema: "Mukubwa, utusaidie na kitu kidogo juu ya watoto." Naye anafungua bahasha, anatoa kitu kidogo, na sisi tunashukuru. Wandugu, ile bahasha si matabishi. Ni kipimo. Feza ya preavi, feza ya konji isiyochukuliwa, mushahara wa siku za mwisho, vyote hivyo tumekwisha kuvilipia kwa miaka ya kazi, kwa mavumbi ya mine na kwa zamu za usiku. Mutu haombi deni lake kwa kupiga magoti. Analiomba kwa heshima, akiwa amesimama, na hesabu mukononi.

SHERIA INASEMA NINI

Inchi yetu ina Kode ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sehemu zake zingine zilitengenezwa tena na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Si sheria ya siri. Haikuandikwa kwa Wazungu peke yao, wala kwa Wachina, wala kwa wakubwa wa Kinshasa. Iliandikwa kwa mutu yeyote anayetumika kwa mushahara katika inchi hii. Nitaieleza kwa lugha ya nyumbani, jambo kwa jambo.

Kwanza, sababu. Mutumishi mwenye kontra isiyo na tarehe ya mwisho hawezi kufukuzwa bila sababu ya kweli. Kifungu cha 62 kinakubali sababu za namna mbili: ile inayotoka kwa mutumishi mwenyewe, yaani uwezo wake au mwenendo wake pa kazi, na ile inayotoka katika mahitaji ya kompani. Hakuna namna ya tatu. Tena sheria inataja wazi sababu ambazo si sababu: kuingia mu sendika, kuwa delege au kutaka kuchaguliwa kuwa delege, kumushitaki mukubwa wa kazi, rangi, kabila, dini, mawazo ya siasa, mimba ya mwanamuke. Anayefukuzwa bila sababu ya kweli anaweza kuomba arudishwe kazini. Akikosa kurudishwa, tribinali inaweza kumuamurisha mukubwa wa kazi alipe feza ya hasara, na feza hiyo inaweza kufika hata mishahara ya miezi 36. Haipiti pale.

Pili, barua. Anayevunja kontra anapashwa kuandika. Kama ni mukubwa wa kazi anayeivunja, barua yake inapashwa kutaja sababu. Neno la kapita pa mulango si barua. Kalata inayokatala kufungua mulango asubuhi si barua. "Enda ku nyumba, tutakuita" si barua.

Tatu, preavi, yaani siku za kumujulisha mutu mbele ya kazi kuisha. Kifungu cha 64 kinasema: kama mukubwa wa kazi ndiye anayevunja kontra, preavi haipunguki siku 14 za kazi, na kwa kila mwaka mukamili wa kutumika bila kukatika inaongezwa siku 7 za kazi. Kama kompani haitaki utumike siku hizo, inakulipa feza yake sawasawa kama ungalitumika. Na sisi vilevile: mutumishi anayeacha kazi kwa mapenzi yake anapashwa kutoa preavi, nusu ya ile kompani ingalimupa. Sheria inashika pande zote mbili.

Nne, feza. Yote iliyobaki juu ya kazi yako inapashwa kulipwa si zaidi ya siku 2 za kazi kisha kazi kuisha. Haingoji mwisho wa mwezi. Haingoji mukubwa arudi kutoka safari.

Tano, konji. Kwa mutu mukubwa sheria inatoa, kwa uchache, siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mukamili wa kutumika, na siku 1 zaidi kwa kila miaka 5 aliyokaa na kompani ileile. Kama kazi inaisha na hujachukua konji yako, konji inageuka kuwa feza.

Sita, sertifika ya kazi. Kifungu cha 79 kinasema kwamba kontra ikiisha kwa sababu yoyote, mukubwa wa kazi anapashwa kutoa sertifika inayoonyesha kazi uliyofanya, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, pamoja na namba yako ya kasha ya serikali. Anapashwa kuitoa si zaidi ya siku 2 za kazi. Na haruhusiwi kuongeza neno lingine. Hawezi kuandika "muvivu", hawezi kuandika "mutu wa makelele".

Saba, kasha yenyewe. Tangu mwaka wa 1961 ilikuwa INSS. Kwa sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 kanuni zake zilibadilishwa, na leo jina lake ni CNSS. Kule ndiko pensioni yako inakotoka siku nguvu zinapokwisha. Kama mishahara yako ilikatwa kila mwezi lakini kompani haikupeleka feza kule, utalijua jambo hilo ukiwa muzee, na wakati ule yule mukubwa atakuwa amekwisha kurudi kwao. Uliza sasa.

Hivi vyote ni kiasi cha chini. Makompani mengi ya mine yana mapatano na sendika, na mapatano yanaweza kutoa zaidi ya sheria. Hayawezi kutoa chini yake.

HESABU YA MUTU MUMOJA

Nitatoa mufano, maana hesabu bila mufano ni mawingu tu. Jina la mutu sitalitaja, na jina la kompani vilevile.

Ni mutu aliyeendesha gari kubwa la mawe ya shaba kwa miaka 11 na miezi 4. Hakuwahi kupindua gari. Siku moja asubuhi kalata yake ilikatala pa mulango. Aliambiwa kazi imepunguka, aende nyumbani, wataita. Kisha wiki moja walimuita kweli, wakamupa karatasi ya kutia saini na feza ya mwezi mumoja, yaani siku 26 za kazi. Akatia saini. Akashukuru.

Sasa tufanye hesabu pamoja, hata mutoto wa masomo ya kwanza anaweza kutufuata. Preavi ya kwanza ni siku 14. Miaka mikamili ni 11. Mara 7, ni siku 77. Ukijumlisha 14 na 77, unapata siku 91 za kazi. Ukihesabu siku 26 kwa mwezi, hiyo ni miezi mitatu na nusu. Yeye alipewa siku 26. Siku 65 zilibaki wapi? Tena alikuwa hajachukua konji ya mwaka: siku 12 juu ya miezi 12, na siku 2 juu ya miaka yake, jumla siku 14. Hazikuandikwa popote. Tena zamu za usiku za mwezi wa mwisho. Hazikuandikwa. Tena barua yenye sababu. Haikutoka. Tena sertifika. Aliambiwa arudi kesho, na kesho ile haijafika.

Jambo baya zaidi ni hili: alingoja. Aliamini lile neno "tutakuita". Miezi 14 ilipita. Na sheria, wandugu, ina saa yake. Kifungu cha 317 kinasema kwamba mashitaki ya kudai mushahara yanakufa kisha mwaka 1 tangu siku mushahara ule ulipopashwa kulipwa. Kudai feza ya safari na ya kubeba vitu vya nyumba kunakufa kisha miaka 2 tangu mwisho wa kontra. Mashitaki mengine yanayotoka katika kontra yanakufa kisha miaka 3. Basi zamu zile za usiku zilimupotea kwa sababu ya kungoja tu. Yale mengine anapigania mpaka leo, na watoto wake wawili wanakaa nyumbani wakati wenzao wanasoma.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu ndugu alikuwa na mali ya miaka 11. Daftari ilikaa kwa mutu mwingine.

WALE WA KONTRA FUPI NA WALE WA KILA SIKU

Najua wengine watasema: "Bwana karani, unasema na wale wenye bahati. Sisi tuko chini ya kampuni ndogo, ile ya sous-traitance. Kontra yetu ni ya miezi mitatu, kisha mitatu, kisha mitatu. Sisi hatuna haki." Hapana. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanapopotea leo.

Kontra yenye tarehe ya mwisho haiwezi kupita miaka 2. Kwa mutu aliyeoa na kutengwa na jamaa yake haiwezi kupita mwaka 1. Na mutumishi hawezi kufanya na kompani ileile kontra za namna hiyo zaidi ya mbili, wala kuifanya upya zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za musimu na kazi zenye mwisho unaojulikana. Kama kazi yenyewe ni ya siku zote, sheria inataka kontra isiyo na mwisho. Kompani inayokupa miezi mitatu mara saba haiko inakupa kontra saba. Mbele ya sheria uko mutumishi wake wa kudumu, na preavi yako inahesabiwa hivyo.

Na wale wanaoajiriwa siku kwa siku: kama umekwisha kutumika siku 22 ndani ya miezi 2, na mukubwa anakuchukua tena mbele ya miezi ile 2 kuisha, kazi hiyo mpya inahesabiwa kuwa ya kontra isiyo na mwisho. Kwa hiyo andika siku zako. Andika katika kitabu cha mutoto, andika pa ukuta nyuma ya mulango, lakini andika.

Na kama kontra yenye tarehe inavunjwa na mukubwa wa kazi mbele ya tarehe yake, bila haki, yeye anapashwa kulipa mushahara na faida zote ambazo ungalizipata mpaka tarehe ile. Kontra fupi si kamba ambayo upande mumoja peke yake unaweza kuikata.

JUU YA KOSA ZITO

Sitaki mutu aseme kwamba gazeti letu linatetea wezi. Mutu anayeiba shaba, anayepiga mwenzake, anayekuja amelewa na kuendesha mashini, huyo anaweza kufukuzwa bila preavi. Ni haki, maana anaweza kutuua sisi wote. Lakini hata kosa zito lina njia yake. Anayetaka kuvunja kontra juu ya kosa zito anapashwa kuandika ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo. Hawezi kulala na kosa miezi sita, kisha kuliamsha siku anapotaka kupunguza watu. Na mwenye kosa anapoteza preavi, hapotezi mushahara wa siku alizokwisha kutumika, wala hapotezi sertifika. Siku uliyotumika imekwisha kuwa yako, hata ukifukuzwa kesho yake.

Nasema hivi kwa sababu kuna mahali ambapo neno "kosa zito" limekuwa ufagio. Wanafagia nalo kila mutu ambaye preavi yake ni ghali. Muzee wa miaka 20 ya kazi, ambaye hakuwahi kupewa hata barua moja ya kuonywa, anapatikana ghafula na kosa zito. Wandugu, mutu anapofukuzwa namna hiyo, musicheke, wala musiseme "alikuwa na kiburi". Ulizeni: barua iko wapi? Siku ya kosa ni gani? Nani aliona?

TULIKOTOKA

Baba zetu na babu zetu walitumika kwa Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na dekre ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya kontra ya kazi, na kwa dekre hiyo mutumishi mweusi aliyevunja kontra aliweza kutiwa mu gereza. Kuacha kazi kulikuwa kama kuiba. Mwezi wa Desemba 1941 watumishi wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, walisimamisha kazi juu ya mushahara, na askari waliwapiga risasi. Watu walikufa. Hatupashwi kuwasahau, maana kila haki iliyoandikwa katika kode ya leo ina alama ya damu yao.

Kompani ile ilitoa nyumba mu kambi, ilitoa posho, ilitoa hospitali na masomo. Wazee wengi wanaikumbuka posho hata leo kwa sifa, na siwakatazi. Lakini tuangalie vizuri: nyumba ilikuwa ya kazi, hospitali ilikuwa ya kazi, masomo ya watoto yalikuwa ya kazi. Kazi ilipokwisha, vyote vilikwisha siku moja. Mutu alikuwa na kila kitu isipokuwa kitu chake mwenyewe.

Inchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na mwaka wa 1967 mali ya Union Minière ilipita kwa serikali. Kompani mpya ndiyo ile tunayoijua kwa jina la Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya toni 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha ikaanguka. Mine ya Kamoto ilibomoka mwaka wa 1990, mashini zilizeeka, feza ilipotea, na watumishi walikaa miezi na miezi bila mushahara.

Mwaka wa 2003 na 2004, kwa feza ya Banki ya Dunia, watumishi 10,655 waliondolewa kwa ile njia ambayo watu wanaiita mpaka leo "départ volontaire". Kila mutu alipewa feza yake mara moja, akatia saini, akatoka. Wandugu, mutu ambaye hajaona mushahara kwa miezi mingi, na watoto wana njaa, unapomuonyesha dola, yale ni mapenzi ya namna gani? Wengi wao wamelalamika tangu wakati ule kwamba kile walichopewa hakikufuata hesabu ya sheria wala ya mapatano ya kompani. Mwaka wa 2009 malalamiko yao yalifika mpaka Washington, mbele ya baraza la uchunguzi la Banki ya Dunia. Wazee wale walibeba mikanda yao katika mifuko ya plastiki, kutoka bilo moja mpaka bilo nyingine, na wengi walikufa njiani.

Ninasema hivi ili tupate somo, si kwa kufungua kidonda tu. Hesabu inafanywa mbele ya saini. Kisha saini, unaanza kupanda mulima na muzigo kichwani.

WANAOSEMA TUNYAMAZE

Kuna wandugu wanaosema: "Ukidai, jina lako litaandikwa, na hakuna kompani nyingine itakayokuchukua." Sisemi kwamba woga huu hauna sababu. Mimi mwenyewe nakaa ndani ya bilo, najua namna wakubwa wanavyopigiana telefone. Lakini tuulize: wale wanaonyamaza, wao wanachukuliwa? Tunawaona pale pa barabara kila asubuhi, wamenyamaza miaka mitatu, na bado wamekaa. Mutu mumoja akidai, ataitwa mutu wa makelele. Watu mia wakidai kitu kilekile kwa maneno yaleyale, hiyo inaitwa kazi ya kawaida ya bilo. Jina la mutu mumoja linaandikwa kwa urahisi. Majina ya mia yanachosha mukono.

Wengine wanasema: "Kompani itafunga, ikilipa hivyo." Mimi ninaona hesabu. Kompani inajua tangu siku ya kwanza ginsi preavi inavyokua kwa kila mwaka. Inapanga mafuta ya gari, inapanga mataili, inapanga dawa za kusafisha shaba. Mutu peke yake ndiye hawampangii? Kompani inayoweza kuishi kwa kupunguza kipimo cha watumishi wake tu, hiyo ni mugonjwa tayari, na si sisi tuliomuambukiza.

Na wengine wanasema sheria ni maandiko tu. Ni kweli, sheria isiyoombwa ni karatasi. Hata katekisimu ni karatasi mbele ya mutu asiyeisoma.

TUFANYE NINI

Kwanza, shika mikanda yako tangu leo, si siku ya kufukuzwa. Kontra, fishi za mushahara, namba ya CNSS, barua za konji, barua za sifa na za kuonywa. Fanya kopi. Kopi moja ikae mbali na nyumba yako, kwa ndugu unayemuamini. Na mama wa nyumba ajue zilipo. Nasema hili kwa nguvu, maana kifo nacho kinamaliza kazi. Mutumishi akifa, mushahara wake uliobaki ni wa jamaa yake, lakini mujane asiyejua mukanda uko wapi anazungushwa mpaka anachoka.

Pili, usitie saini karatasi usiyoisoma. Omba dekonte, yaani hesabu ya mwisho iliyoandikwa mustari kwa mustari: siku ngapi za kazi, siku ngapi za preavi, siku ngapi za konji, kiasi gani kwa kila siku. Kama unataka kupokea feza lakini hukubali hesabu, andika kwa mukono wako pembeni ya saini kwamba unapokea lakini hujakubali yote, na utie tarehe. Wakikukataza kuandika, rudi nyumbani na umuite delege.

Tatu, usiende peke yako. Delege wa sendika amechaguliwa kwa siku kama hiyo. Kama delege wenu anakula na wakubwa, kosa ni letu sisi tuliomuchagua kwa sababu ya biya. Uchaguzi mwingine utakuja.

Nne, nenda kwa Inspekta wa Kazi. Hii ni njia ya sheria: Tribinali ya Kazi haipokei mashitaki ya mutu mumoja kama hayajapita kwanza kwa Inspekta, ili ajaribu kupatanisha pande mbili. Mukishindwa kupatana, ndipo mulango wa tribinali unafunguka. Nenda na mikanda yako, nenda mapema, na uandike tarehe uliyofika.

Na sisi wa chama tunapashwa kuiomba serikali kitu kimoja, kwa sauti moja: Inspekta awe na njia ya kufika ku mine. Inspekta asiye na gari, asiye na karatasi, anayengoja kompani imupeleke kwa gari lake, huyo ataona kile kompani inachotaka aone. Serikali inayopokea feza ya shaba na ya kobalti haiwezi kukosa mafuta ya kumupeleka mutu mumoja kuona haki ya wale wanaoichimba.

Wandugu, uhuru haukuletwa ili tubadilishe jina la mukubwa tu. Mutu anayeweza kuondolewa kwa neno la mulangoni, bila barua, bila hesabu, bila sertifika, huyo bado ni mutu wa kontra ya zamani, hata kama bendera inapepea juu ya bilo. Na mutu anayesoma mukanda wake, anayehesabu siku zake na kuomba kipimo chake bila matukano na bila woga, huyo amekwisha kuanza kujitawala.

Leo jioni, mbele ya kulala, hesabu miaka yako mikamili. Zidisha mara saba. Ongeza kumi na ine. Andika namba hiyo na uishike. Ni yako.

Umoja ni nguvu.

Karani mumoja wa mine, Likasi